Mita Kumi za Lulimi

Habari ya kifo cha Papa Murhula ilinikuta Alhamisi nikichambua maharage. Aliyepiga simu alikuwa binti yake wa mwisho, na alisema mambo matatu tu: papa amekufa, maiti itatoka hospitalini Jumamosi alfajiri, na maman anaomba nifike mapema kabla ya watu kujaa. Nikasema pole, nikasema nitakuja, nikaweka simu mezani na kuendelea na maharage mpaka yakaisha. Niliyaosha, nikayabandika, nikaangalia kama chumvi ipo. Mjukuu wangu aliuliza nani alipiga, nikamwambia, naye akauliza kama nitalia. Swali hilo nilitembea nalo siku mbili. Mtu huyo alinifundisha kazi iliyonipa mkate maisha yangu yote, lakini ndani yangu palikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: unajua ni wako, unaugusa, nao hausemi kitu. Ukweli ni kwamba ganzi hiyo haikuanza Alhamisi ile. Nimekuwa nayo tangu mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu, na watu wamezoea kuniita mwanamke mtulivu.

Jumamosi saa moja nilikuwa mtaa wa Muhungu, kwake. Viti vya plastiki vilikuwa bado vimepandana chini ya hema, na vijana wa jirani walikuwa wakifunga kamba za turubai. Sebuleni makochi yalikuwa yametolewa na sanduku limewekwa juu ya viti vinne, kifuniko kikiwa wazi mpaka kifuani. Walikuwa wamemvika koti lake la rangi ya kahawa, lile la kwenda kwa wakubwa. Mjane wake, Maman Espérance, alikuwa ameketi chini kwenye mkeka na dada zake wawili. Aliponiona aliwaambia, "Huyu njo alikuwaka sikio ya Papa," kwamba ndimi niliyekuwa sikio lake, nao wakanitazama juu mpaka chini. Kisha akanivuta karibu. "Zawadi, nimekuita mbele watu hawajakuya, juu ya kintu moja. Kule hospitali, siku ya mwisho, Papa aliniambia: ule maman wa Lulimi, Nabintu, akikuya ku kilio, asiingie. Asinione. Mimi simujue uso. Batoto yangu hawamujue. Wewe njo unamujua. Ukae hapa ku mulango, akikuya utuonyeshe, tumurudishe polepole bila makelele." Nikasema, "Sawa, maman." Wakaniletea kiti, wakakiweka mlangoni, na chai ya maziwa na andazi moja kwenye sahani. Nikala andazi. Nilikuwa na njaa, na jambo hilo pia lilinishangaza.

Wazazi wangu, shule yangu na njia niliyopitia mpaka nikaingia katika ofisi ile ya viwanja, hayo nayaacha, hayabadilishi kitu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili ghorofani, sakafu ya mbao iliyolia kila ukitembea, na dirisha moja lililoonyesha ziwa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha makarani. Cha pili kilikuwa na meza kubwa ya kuchorea, droo pana za kuhifadhi ramani, chupa za wino mweusi, na Papa Murhula. Yeye alikuwa mpimaji, mimi mchoraji wa majaribio. Nilikuwa nimepewa mwaka mmoja. Mwisho wake ama ningepata barua ya kazi, ama ningeonyeshwa ngazi. Kila siku saa sita na nusu alifunika meza ya ramani kwa gazeti la zamani, akafungua bakuli la mkewe, maharage na ndizi, akagawa sehemu mbili kwa ukingo wa kijiko kwa uangalifu uleule aliogawia viwanja. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa homa akiwa mtoto, na lile la kuume lilikuwa limeanza kumfuata. Kwa hiyo kazi yangu ya pili, ambayo haikuandikwa popote, ilikuwa kutembea upande wake wa kuume na kumrudilia maneno ya watu. Mtu akisema, yeye alinigeukia na kusema, "Rudilia." Nami nilirudilia karibu na sikio, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Makarani walinicheka: "Sikio inapita!" Mimi nilijivuna. Nilikuwa nimeona wakubwa wakisubiri nimalize kusema ndipo Papa aitikie kwa kichwa.

Lulimi ni ulimi wa ardhi ya chini unaotoka pale mtaa wa Nguba na kulala mbele ya ghuba yake, kama mtu aliyelala mlangoni. Ukisimama katikati yake una ziwa mikono yote miwili: upande wa nje ziwa lenyewe la Kivu, lenye mawimbi ya alasiri, na upande wa ndani maji yaliyotulia ambako watu wa Nguba walifua na kuogesha watoto. Shingoni, pale unapoungana na nchi kavu, haukuwa mpana kuliko uwanja wa nyumba. Kilichoushika ulimi huo usiyeyuke kilikuwa matete, mstari mnene wa matete kando yote ya nje, mizizi yake imefumana na udongo, na ndani yake samaki wadogo wakizaliana. Mwaka ule mji ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wakishuka kutoka vijijini kila wiki kwa sababu ambazo kila mtu wa Kivu anazijua, milima yote ilikuwa imeshajengwa mpaka kwenye mabonde, mvua ikinyesha nyumba zinateleza, na sasa macho yalianza kushuka ziwani. Ofisi yetu ikaagizwa kuchora mpango wa Lulimi: wapi pajengwe, wapi pasijengwe. Sheria ilikuwepo na kila mtu aliijua, kwamba mita kumi kutoka pale maji yanapofika ziwa likijaa si za mtu. Papa Murhula hakuichukulia sheria hiyo kama karatasi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya matete, akayasogeza kwa mkono na kuniambia, "Zawadi, hii matete njo mulango ya Nguba. Utoe mulango, kisha ushangae mwizi ameingia?"

Tulipima kiangazi, ziwa likiwa chini. Mpimaji mvivu angeanzia kwenye maji alipoyakuta. Papa Murhula alitafuta alama nyeupe ambayo ziwa letu huacha juu ya mawe likijaa, na pasipo na mawe aliwauliza wanawake wanaoanika sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, maana wao ndio waliowahi kuokota mikeka yao ikielea. Hapo ndipo tulipomjua Maman Nabintu. Alikuwa na nyumba ya mbao nyuma tu ya matete, na mbele yake meza ndefu za wavu ambazo samaki walikauka juu yake, wadogo, wa rangi ya fedha, maelfu. Tulipovuta utepe kutoka kwenye alama nyeupe, ukuta wake ulikuwa mita kumi na moja. Mita moja ndani ya usalama! Papa Murhula alifurahi kuliko yeye. Alipima mara ya pili ili apate furaha ileile tena, kisha akamwambia, "Maman, wewe iko muzuri. Hakuna mutu atakutosha hapa, hakuna wa kukufukuza." Tangu siku hiyo tulikula kwake kila tulipokwenda Lulimi: bugali ya moto, sambaza iliyopikwa na tomati, na mboga za lengalenga. Chumba chake kilikuwa kimoja, kitanda nyuma ya pazia, benchi mbili, na kati ya mbao za ukuta mwanga wa ziwa ulikuwa ukicheza juu ya mikono yetu tukila. Nilipenda pale. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni vitu vichache nilivyovipenda baada ya pale.

Wanawake wa sambaza walisema mbele yangu kana kwamba sipo, nami nilisikiliza kwa mazoea. Walisema juu ya wanaume wawili waliokuja na gari, wakatembea kando ya maji wakihesabu hatua. Walisema juu ya jirani aliyeuza jiko lake la kupikia na nusu ya uwanja. Maman Nabintu aligeuza samaki wake kwa kiganja na kusema, "Kila mwenye kiatu ya kung'aa anaulizaka mayi inafika wapi. Sijaona bado mwenye kuuliza samaki inazalia wapi." Papa Murhula alinitazama. "Rudilia." Nikarudilia, naye akacheka mpaka akapaliwa na bugali, akasema maneno hayo atayatia kwenye ripoti. Aliyatia kweli, ukurasa wa pili.

Mwezi wa nane tulisimika nguzo fupi za zege kuonyesha mwisho wa mita kumi. Hazikumaliza wiki tatu. Nguzo ni jiwe zuri, na Lulimi haina mawe mengi. Tulizikuta zimekuwa mafiga, zimekuwa ngazi za milango, na mama mmoja alikuwa akifulia nguo juu ya nguzo namba saba. Alitusalimu vizuri na kuendelea. Papa Murhula hakukasirika. Alirudi ofisini akafungua bakuli la maharage, kisha akagonga meza. "Tuko bajinga. Mimi niko Mushi, nimezaliwa Kabare, na ninatia zege! Mushi hang'oi mupaka." Alikuwa akisema juu ya ule mmea wa majani marefu na membamba ambao kwetu hupandwa kati ya shamba na shamba. Kila Mushi, mtu wa nchi yetu ya Bushi, anakua akijua hivyo: ng'ombe anaweza kuingia, mtu anaweza kuiba mhogo, lakini mmea wa mpaka hauguswi, anayeung'oa anawaachia watoto wake ugomvi usioisha. Ukikata kipande ukakichomeka wakati wa mvua, kinashika. Wazo lilikuwa zuri kiasi kwamba makarani wote walikuja kusimama mlangoni kumsikiliza. Mimi pia niliona ni zuri. Vipande vililetwa kutoka Nyantende, vimefungwa mafungu mafungu, na mvua za kwanza za mwezi wa tisa tukaanza kupanda, hatua mbili kati ya mmea na mmea, kuanzia shingoni mpaka ncha ya ulimi.

Watu wa Lulimi walitoka kututazama. Wakati wa nguzo za zege walikuwa wametania, wameuliza kama tunazika paka. Safari hii walisimama kimya, mikono nyuma, wazee mbele. Nilidhani ni heshima. Siku moja kabla ya kumaliza, upepo ulikuwa mkali, mawimbi yanapiga, mawingu yanashuka kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi. Papa Murhula alikuwa ameinama akinyoosha kamba, mimi kuume kwake. Maman Nabintu alikuja upande wa kushoto, akapita nyuma yake, akanishika mkono. "Zawadi, ambia Papa asipande hii muti. Kwetu hii muti inaonesha fasi iko na mwenyewe. Hii matete haikukuwaka na mwenyewe. Mukiipanda hapa, munaipatia mwenyewe, na mwenyewe atakuya kuichukua." Tone la kwanza likaanguka juu ya mkono wake, akaachia na kukimbia kufunika samaki. Papa Murhula aliinua kichwa, akaona mgongo wake ukienda. "Ule maman anasema nini? Rudilia."

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta kwa nini. Nilikuwa nimelowa. Mgongo uliniuma. Mimea ilikuwa imebaki mafungu mawili tu. Ripoti ilipaswa kufika juu kabla ya mwisho wa mwezi, na barua yangu ya kazi ilikuwa nyuma ya ripoti hiyo, kila mtu ofisini alinihakikishia. Tena nilijiambia: huyu ni mpimaji mkubwa, Mushi wa Kabare, mimi na mama wa sambaza tumfundishe mpaka? Sikio halipiti kichwa. Hiyo ndiyo methali niliyojifunika nayo. Lakini nilipoinamia sikio lake nilijua vizuri sana kwamba maneno ya Maman Nabintu ni kweli: mmea ule hutangaza kwamba mahali pana mwenyewe. Niliyaelewa papo hapo, kabla hajamaliza. Nikamwambia, "Anasema chakula iko tayari."

Na chakula kilikuwa tayari. Tulikula mvua ikipiga mabati, Papa Murhula katikati ya benchi, akichovya bugali na kusifu. Maman Nabintu alijaza sahani yangu, akainama upande wa kushoto wa Papa, pale pasiposikia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulimwambia?" Nikasema, "Ndiyo." "Akasema aje?" "Akasema ataangalia." Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akamwongezea Papa samaki. Mimi nikala nikamaliza. Kesho yake tulipanda mafungu mawili yaliyobaki.

Nilichora ramani ya Lulimi mwezi wa kumi na ule wa kumi na moja. Ni kazi bora niliyowahi kufanya; ningeiona leo ningesema hivyo hivyo. Nyumba kwa mstari mwembamba, njia kwa nukta, na mpaka wa mimea kwa mstari mnene kuzunguka upande wote wa nje. Nilipomaliza, kati ya mstari ule na maji palibaki utepe mweupe mrefu. Karani mkuu alipita, akaweka kidole. "Na hii? Umbo yenye kufungwa haibakie bila numéro." Ilikuwa kanuni ya ofisi, naijua. Kabla ya mimea, utepe ule haukuwa umbo, ulikuwa ukingo wa ziwa. Sasa ulikuwa na pande zote. Nilichovya kalamu, nikaandika namba ya mwisho ya orodha, kwa mwandiko mzuri. Papa Murhula aliitazama ramani mpaka giza la mvua likaingia dirishani, akasema nimekuwa mchoraji. Desemba barua yangu ilikuja. Nilikunja karatasi ile mara nne na kuilaza chini ya mto, na usingizi ulinichukua kama mtu asiye na deni la neno na yeyote.

Ilivyoanza, ilianza pande mbili kwa pamoja. Kutoka juu alikuja mtu na karatasi yenye muhuri, akauliza kiwanja chenye namba ya mwisho, na kwenye kitabu kiwanja kilikuwepo. Na kule Lulimi wenyewe waliamka asubuhi moja kila mmoja akikata matete mbele ya mlango wake, maana kama fasi ina mwenyewe, afadhali mwenyewe awe mimi kuliko mgeni. Wageni walishinda, ndivyo inavyokuwa. Malori ya mawe yakaanza kupita shingoni. Papa Murhula alipopata habari hakuvaa hata koti. Tulishuka kwa miguu, mimi kuume kwake, na alipofika alisimama mahali pa matete akitazama kifusi. Mzee mmoja wa pale alikuja kumsalimu. "Papa, juu ya nini unashangaa? Si ni wewe mwenyewe ulitia mupaka? Mupaka inakuwaka kati ya batu wawili. Huku ni sisi. Basi kule tukajua serikali imeshapata mutu wa kumuuzishia." "Rudilia," akasema Papa. Nilirudilia, neno kwa neno. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Alikuwa Mushi, hakuhitaji mara ya pili. Niliona uso wake ukijionea lile ambalo angeliona mwezi wa tisa kama mtu mmoja angelitamka.

"Na hakuna mutu aliniambia," akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyosema. "Tulikula na nyinyi mwaka muzima. Hakuna hata mumoja?" Akageuka, na aliyekuwa mbele yake alikuwa Maman Nabintu, amesimama kando ya meza zake za samaki. Maman Nabintu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake aanze wimbo. Ningeweza kuanza. Nilikuwa na barua chini ya mto, na nikatazama viatu vyangu. Yeye akainama, akaendelea kugeuza sambaza. Papa Murhula aliuona ule ukimya na kuupa maana yake. Njia nzima ya kupanda alirudia, "Alijua. Ule maman alijua, akanilisha, akanyamaza." Alinirudilia mimi, kana kwamba mimi ndiye kiziwi. Nami nikamjibu, "Pole, Papa."

Mengine ni mafupi. Papa Murhula alitolewa kwenye upimaji akapelekwa chumba cha hifadhi, ambako alipanga mafaili mpaka pensheni. Mbele ya nyumba ya Maman Nabintu ulisimama ukuta wa villa, na masika ya mwaka uleule maji ya mvua yaliyozoea kupita kwenye matete yalikosa njia, yakasimama ndani kwake. Mbao zikaoza chini. Alasiri moja nyumba iliinama kama ng'ombe anayelala, na haikuinuka. Hakuna aliyeumia, watu walisema hivyo kila mara, hakuna aliyeumia. Alifunga mikeka yake akaenda Nyantende kwa dada yake kulima. Samaki wadogo walitoweka upande ule. Leo ukishuka Lulimi utakuta villa na kuta, na kuta zina nyufa kwa sababu wimbi lisilovunjwa na matete linapiga zege mchana na usiku. Mvua zikiwa nyingi ziwa linapita juu ya shingo na kuingia ghubani, na watu wa Nguba wanafua mahali pengine. Kila mwaka wenye villa wanaleta mawe mapya. Na mimea yetu ipo. Imekuwa mirefu kuliko mabati, inapita kati ya kuta na nyua, mstari mzima, hatua mbili kati ya mmea na mmea. Hakuna aliyeng'oa hata mmoja.

Mimi nilifanya kazi ile miaka mingi. Nilipanda cheo, nikawa mkubwa wa chumba cha ramani. Kila mwaka mpya nilimpelekea Papa Murhula zawadi ndogo, na kila mwaka alinikaribisha upande wa kuume, na kila mwaka nilikwenda na sentensi moja mdomoni na kurudi nayo. Mwanzoni iliniunguza. Baadaye ikapoa, na vyote vilivyokuwa karibu nayo vikapoa pamoja nayo. Ndiyo ganzi niliyoisema.

Pale kilioni, saa nne hema lilikuwa limejaa. Kwaya ya parokia ilikuwa imeanza, na Maman Espérance alitoka mara moja kunywa maji, akasimama karibu na kiti changu. "Hajakuya?" Nikasema bado. Akajifuta uso. "Unajua Papa hakukulaka tena sambaza? Miaka yote ile. Nikipika kwa batoto, yeye anatoka inje. Anasema ile samaki inamukumbusha mutu mwenye kumuuzisha na mudomo umefunga." Nilimwambia sikujua. Na kweli hilo sikulijua. Kitu kidogo kikasogea ndani yangu, kama sindano za mguu unapoanza kuamka, na niliogopa.

Ndipo nikamwona langoni. Nilimjua kwa jinsi alivyoshika kikapu, mkono mmoja chini, kama mtu aliyezoea kubeba vitu vinavyovuja. Alikuwa amezeeka, amepungua, kitenge cheusi na kandambili zenye udongo mwekundu wa Nyantende. Alisalimia vijana, akauliza kitu, wakamwonyesha mlango, na mlangoni nilikuwa mimi. Akasimama mbele ya kiti changu. "Zawadi," akasema. "Nimekuya kuzika Papa." Hakusema lingine. Kikapuni mlikuwa sambaza kavu zimefungwa kwa majani ya ndizi. Nyuma yangu nilisikia Maman Espérance akiuliza, "Huyu ni nani?"

Ningeweza kusema, sijui, mama mmoja wa parokia. Angeingia, angezika, tungekwenda nyumbani sote. Ningeweza pia kumwonyesha kwa kichwa tu, na angerudishwa polepole bila makelele, na nina hakika asingesema neno, kama ambavyo hakusema siku ile. Nilisimama. "Ni Maman Nabintu," nikasema. "Maman, yeye hakunyamaza. Alisema. Alisema mbele hatujamaliza kupanda, alinipatia mimi maneno nimupelekee Papa, na mimi sikuipeleka. Nilimwambia Papa chakula iko tayari."

Kule mkekani dada za mjane, waliokuwa wakiimba na kwaya, waliacha. Maman Espérance alinitazama, kisha akamtazama yule mama mzee na kikapu chake, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilidhani atanipiga, na ningempa shavu. Badala yake alinishika kiwiko, kwa nguvu, kucha zikaniingia, akanivuta ndani mpaka kwenye sanduku. Nilisimama pale nilipofikia, upande wa kushoto. Akanisukuma nizunguke.

"Upande ya kuume," akasema. "Unajua fasi yako. Sasa rudilia."

Nikainama juu ya sikio lake la kuume. Lilikuwa na pamba. Mlangoni Maman Nabintu alikuwa ameweka kikapu chini.

"Papa," nikasema, "ule maman anasema usipande hii muti. Anasema kwetu hii muti inaonesha fasi iko na mwenyewe. Hii matete haikukuwaka na mwenyewe."